Maharagwe Manne ya Mzee Kimenyi

Kazi ya Igihozo ilikuwa kuwapigia watu simu na kuwauliza kama ni kweli. Mzee fulani wa Cyanzarwe akisema mjukuu wake alikuja Jumanne, wakakaa, wakazungumza, Igihozo alimtafuta mjukuu: samahani, Jumanne ulikwenda? Ulikaa muda gani? Umbea ni umbea, ila huu ulikuwa na kiti, kompyuta na cheo, waliuita uhakiki. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na alikuwa ameizoea kazi hiyo kiasi kwamba watu wakimdanganya hakukasirika, na wakimwambia kweli hakufurahi. Aliandika tu.

Jumatano moja asubuhi alifungua fomu ya mia mbili na kumi na mbili. Bugeshi. Mwanamume, miaka sabini na minne, amefiwa na mke, anaishi peke yake. Maharagwe manne, yote ya mtu mmoja, binti yake. Namba ya simu ya binti ilikuwa chini kabisa, na Igihozo alikwisha kubonyeza tarakimu sita kwenye simu ya ofisi alipoona kwamba namba ile ni yake mwenyewe. Hakushtuka. Aliiweka simu chini, akarudi juu kusoma jina la mzee, ambalo alikuwa amelipita kwa haraka. Kimenyi. Baba yake.

Alikuwa hajakanyaga kwa baba yake miezi kumi na minne.

Sasa habari ya maharagwe yataka maelezo, maana asiyeijua atadhani watu hawa wamerukwa na akili. Watafiti wa Kigali walitaka kupima vijana na wazee wanakutana kiasi gani siku hizi. Kupima kwa kuuliza tu hakufai. Ukimwuliza mzee kama vijana humtembelea atasema ndiyo, kwa kuwasitiri, na ukimwuliza kijana kama huwatembelea wazee atasema ndiyo, kwa aibu. Basi kila mzee alipewa kopo la bati lililozibwa mdomo, lenye tundu moja tu, na kifuko cha maharagwe. Kijana akija, akakaa, wakazungumza kwa muda wa maji ya chai kuchemka, mzee anatia punje moja. Salamu za njiani hazihesabiwi. Simu haihesabiwi. Baada ya wiki nne mtu wa mradi anakuja, anafungua kopo, anauliza punje moja moja: hii ni ya nani?

Mzee aliyekutwa na punje chini ya mbili aliingia kwenye orodha. Huyo alipewa kijana wa kijijini kwao, aliyefunzwa na mradi, wa kumtembelea kila wiki kwa mwaka mzima: kukaa naye, kumpeleka kituo cha afya, kumkatia kuni. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa saa sita mchana, na ikishafungwa haiongezwi jina. Mzee Kimenyi, kwa maharagwe yake manne, alikuwa nje.

Meza ya pili alikaa Mucyo, ambaye ndiye aliyekusanya makopo ya Bugeshi. Familia yake ilirudi kutoka Karagwe, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka wenzake wakamtania kwamba anasoma taarifa ya habari.

“Mucyo,” Igihozo akasema, “fomu ya mia mbili na kumi na mbili. Yule mzee alisema nini hasa?”

“Yule anayesema Kiswahili? Mzee mstaarabu sana. Alinipa viazi vya moto. Nikamwuliza punje hizi ni za nani, akasema za binti yangu, kila Jumapili saa kumi. Nikamwuliza huwa mnazungumza muda gani, akasema dakika moja hivi. Nikamwambia mzee wangu, maji hayachemki kwa dakika moja. Akasema ya kwake yanachemka.” Mucyo akacheka. “Nikaona nisimbane mtu mzima kwa dakika. Kuna tatizo?”

“Hakuna.”

Jumapili saa kumi. Hapo Igihozo alielewa.

Kila Jumapili saa kumi alasiri, watu wakiwa wametoka kanisani na wameshakula, mashine ya mradi iliwapigia wazee wote simu kuwakumbusha maharagwe. Ujumbe ulikuwa wa lugha mbili. Wa Kinyarwanda aliusoma Mucyo, na karibu wazee wote walichagua huo. Wa Kiswahili aliusoma Igihozo, mwenye Kiswahili cha upande wa Goma, kwa ajili ya waliorudi kutoka Kongo wakiwa na watoto waliowalea kwa Kiswahili. Bugeshi nzima waliouchagua walikuwa wanne. Nyumbani kwa Kimenyi walisema Kiswahili kwa sababu ya mama, Pulchérie, mwanamke wa Goma, ambaye Kinyarwanda alikiogopa mpaka siku alipozikwa.

Aliyeharibu, kama ni kuharibu, ni Joanita. Joanita alikuwa msimamizi wao, mama wa miaka hamsini aliyekulia Uganda, mwepesi wa kukaripia na mwepesi zaidi wa kusahau. Siku ya kurekodi alisikiliza ujumbe akatikisa kichwa. Huwezi kumsalimu mzee kisha ukampita mbio, alisema. Mtu mzima akisalimiwa hujibu, kwa hiyo mpe nafasi ajibu. Basi Igihozo akarekodi upya. Jambo mzazi wangu, ni mimi Igihozo. Kimya, sekunde nne. Muko muzima? Kimya, sekunde nne. Nyumbani wote wako salama? Kimya. Wiki hii ulikumbuka kutia maharagwe kwenye kopo? Kimya. Asante, Mungu akubariki, tutaonana. Hiyo tutaonana nayo ilikuwa ya Joanita.

Mashine ilihifadhi kila simu, pamoja na yote yaliyosemwa upande wa pili. Hakuna aliyewahi kuyasikiliza. Yalikuwa mengi, na nani ana muda wa kusikiliza watu wakijibu salamu. Igihozo akatafuta namba ya baba yake. Simu zilikuwa nne. Akavaa vidude vya masikioni akafungua ya kwanza.

“Jambo mzazi wangu, ni mimi Igihozo,” ilisema sauti yake.

“Igihozo? Ni we? Eh, mutoto yangu. Mi nilikuwa nasema...”

“Muko muzima?”

“Niko muzima. Ni mugongo tu njo inaniuma. Na we? Unakula? Batu walisema...”

“Nyumbani wote wako salama?”

“Nyumbani ni mi tu,” akasema.

“Wiki hii ulikumbuka kutia maharagwe kwenye kopo?”

“Subiri kwanza. Subiri, mutoto yangu, usikate...”

“Asante, Mungu akubariki, tutaonana.”

Katika simu ya pili baba alimwuliza kama ni mgonjwa, mbona hajibu anachoulizwa, au ni mtandao. Akapandisha sauti, kama ilivyo desturi ya watu wanaodhani mtandao ni uziwi. Katika ya tatu hakuitikia salamu. Alingoja mpaka alipoulizwa kama wote wako salama, ndipo akasema ng'ombe amezaa, ndama jike, na kwamba hajampa jina. Katika simu ya nne alijibu kila kitu mahali pake, bila kugongana na ile sauti hata mara moja. Jambo. Niko muzima. Wako salama. Nilikumbuka. Na mwisho kabisa, baada ya tutaonana, akasema, kama asemavyo akikubali jambo, “Bon. Asante.”

Igihozo akatazama urefu wa simu zile. Zote sekunde arobaini na mbili. Akavua vidude, akakaa akingoja kilio kije. Alijua kwamba mtu mwingine angelia hapo, na hakuwa na kinyongo na kilio, kingekuja angekipokea. Hakikuja. Chini dirishani kina mama waliotoka mpakani, Petite Barrière, walikuwa wanapita na mabeseni matupu kichwani, wakibishana juu ya bei ya nyanya, na yeye akawasikiliza hao.

Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu mama yake afe. Siku ya mazishi aliosha sahani. Watu walikuja na pole zao, akazipokea, akarudi kwenye sahani. Shangazi mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba mtoto asiyemlilia mama ana jiwe kifuani, na Igihozo akafikiri huenda ni kweli, akaendelea kusuuza. Baada ya siku tatu alirudi Gisenyi kazini. Mjini hakuna aliyemdai huzuni. Kule juu Bugeshi kila kitu kilimdai: kiti, jiko, kanga iliyobaki msumarini, na zaidi ya yote baba, ambaye hakumwambia neno. Alituma sukari na sabuni kwa mwanamke wa jirani aliyeteremka sokoni kila wiki. Alijiambia atapanda mwezi ujao. Miezi haina mwisho kwa mtu anayeahirisha.

Akaenda kwa Joanita, akamweleza yote kwa mpangilio, kama anavyosoma fomu.

Joanita alivua miwani. “Simu haihesabiwi,” alisema. “Sheria unaijua kuliko mimi. Hizo punje nne ni sifuri.”

“Najua.”

“Na ukiandika sifuri, baba yako anapata kijana wa kumtembelea. Hilo ni jema. Tatizo liko wapi?”

“Tatizo ni Jumanne.”

Joanita alikuwa ameisahau Jumanne. Orodha ile ilikuwa haimalizwi ofisini. Kila Jumanne alasiri watu wa kijiji hukutana, na jambo lolote la kugawiwa watu husomwa hapo, jina kwa jina, mbele ya wote, ili anayepinga apinge. Ndiyo desturi, na ni nzuri: imeokoa mabati mengi yasiende kwa wenye mabati. Lakini safari hii kitakachosomwa ni jina la mzee na idadi ya watu waliokuja kumwona. Kimenyi, sifuri. Na kilima kizima kinajua kwamba binti wa Kimenyi ndiye anayehesabu.

“Muulize mwenyewe,” Joanita alisema mwishowe. “Kesho usije ofisini. Fomu iache wazi mpaka Ijumaa.” Kisha, kwa sauti ya ukali kidogo, “Na mimi na zile nafasi zangu za kujibu. Mungu anisamehe.”

Alhamisi Igihozo akapanda pikipiki. Njia ya Bugeshi inapanda tu, na baridi inaongezeka kwa kila kona, mpaka volkano inakuwa imesimama pale karibu, na mtu hana tena pa kutazama isipokuwa viazi. Alishuka kwenye njia ya miguu, akatembea sehemu iliyobaki. Baba alikuwa amekaa nje juu ya gunia lililokunjwa, anachagua viazi vya mbegu. Alimwona kwa mbali, akaendelea kuchagua, labda hakuamini macho, kisha akainuka. Wakakumbatiana kwa salamu ndefu ya kwao, mikono mabegani, na Igihozo akasikia jinsi mabega ya baba yalivyopungua nyama. Aliliona hilo akaliweka akilini tu, kama kipimo.

“Ulikuya na moto?” baba akauliza, na moto kwake ni pikipiki.

“Ndiyo, Papa.”

“Njiani iko baridi.”

“Kidogo.”

Baba akaingia ndani kuchemsha viazi. Igihozo alikaa kwenye benchi. Kanga haikuwepo tena msumarini, msumari ulikuwepo. Kopo la bati lilikuwa dirishani, tupu, limepanguswa vumbi. Walikula. Viazi vilikuwa vitamu na alikula vitatu, jambo lililomshangaza, maana asubuhi hakuwa na njaa.

“Papa,” akasema walipomaliza, “ile sauti ya Jumapili. Ile ilikuwa mashine.”

“Najua.”

“Tangu lini?”

“Jumapili ya pili. Nilikuuliza kama uko mugonjwa, we ukaniuliza kama nilitia maharagi.” Baba alikaribia kucheka. “Nikasema hapana. Pulchérie hakuzala mutu wa vile.”

“Sasa kwa nini ulitia punje?”

Baba alikusanya maganda ya viazi, akayaweka pamoja kwa ajili ya mbuzi. “Ile kijana alisema watakuya kufungua kopo. Hapa kila mutu anajua mutoto yangu iko nahesabu mambo ya wazee. Anahesabu Rubavu, wilaya nzima. Halafu kopo ya baba yake ikuwe haina kitu ndani? Wangekucheka ku kazi.” Akapangusa mikono. “Na tena, ile mashini ilikuwa inapiga. Haikukosa hata Jumapili moja.”

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeeleza mvua ilinyesha siku zipi. Igihozo aliyasikia maneno yakiingia, akangoja yafike mahali, na hayakufika popote.

Akamweleza habari ya orodha. Akamwambia kuhusu kijana atakayekuja kila wiki. Wa kilima hiki angekuwa Nishimwe, msichana wa ishirini na miwili, mtu mzuri, anayeongea sana. Akamwambia orodha inafungwa kesho. Akamwambia pia habari ya Jumanne, bila kuficha kitu.

“Watasoma jina yangu?” baba akauliza.

“Ndiyo. Na sifuri.”

“Na jina yako?”

“Hapana. Lakini watajua.”

Baba akatazama nje, kwenye viazi vyake vya mbegu. “We unataka nini?”

Hilo swali lilikuwa halimo kwenye fomu yoyote. Igihozo alitafuta anachotaka, na akakuta hakuna, akaamua angalau aseme kweli. “Papa, mi siwezi kukuja. Sijui kwa nini. Nikipanga, siku inafika, mwili unakataa. Kila mtu anangoja nimlilie Mama. Mi sina kitu. Hata sasa sina.”

“Niliona siku ile,” baba alisema. “Uliosha sahani zote. Zingine uliosha mara mbili.”

“Ulikasirika?”

“Mi pia sikulia. Mwanaume machozi yake inateremkia ku tumbo, njo vile wazee walisema. Mi nangoja iteremke.” Akainuka. “Kuongea na mashini si mubaya. Haikuangalii usoni. Lakini ile ng'ombe ilizala, na mashini haikuuliza ni dume ao jike.”

Alimpeleka akamwonyesha ndama. Alikuwa mweusi mwenye doa jeupe tumboni. Walisimama pale muda mrefu, na maji yangechemka na kukauka.

“Andika ile iko kweli,” baba akasema wakati wa kuagana. “Mi nimezeeka, siwezi tena kubeba uwongo. Unarudia lini?”

“Sijui, Papa.”

“Bon,” alisema baba. “Ungesema Jumapili, kama ile mashini, singekungoja. Kwa sijui nitangoja.”

Ijumaa, saa tano na nusu, Igihozo alifungua fomu ya mia mbili na kumi na mbili, akafuta nne, akaandika sifuri. Mahali pa maelezo ya mhakiki aliandika: binti amethibitisha kwamba hakwenda. Akaituma. Mucyo aliiona kwenye kompyuta yake, akainua kichwa, akamtazama. Kisha akaenda kumletea chai bila kuombwa, akiwa mtu ambaye tangu aanze kazi hajawahi kumletea mtu chai.

Jumanne hakuwa amepanga kwenda. Alisema ataenda posta, akajikuta kwenye kituo cha pikipiki anapatana bei ya Bugeshi. Alipofika, mkutano ulikuwa umeanza. Watu walikaa kwenye majani na kwenye mabenchi mawili ya wazee, na baba yake alikuwa mwisho wa benchi la pili, amevaa koti lake la kanisani. Igihozo alisimama nyuma kabisa, nyuma ya kina mama wenye watoto mgongoni. Mkuu wa kijiji, Rutayisire, alikuwa anasoma orodha kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya mtu anayependa kusoma.

Jina la kwanza lilipita kimya. La pili likapingwa papo hapo: huyo mwanawe anakuja kila siku, akasema mtu, anakuja kumnywea pombe. Watu wakacheka, mzee mwenyewe akacheka, jina likafutwa. Hivyo ndivyo kanuni ilivyokuwa. Kupingwa na shahidi mmoja aliyeona kwa macho kulitosha. La tatu likapita. La nne likapita.

“Kimenyi,” akasoma Rutayisire. “Sifuri.”

Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Rutayisire alikohoa, akauliza kama kuna anayepinga, na ilikuwa wazi kwamba anaomba apatikane.

Akapatikana. Ni yule jirani aliyekuwa akipeleka sukari na sabuni, mwanamke mpana mwenye moyo mpana kuliko yeye. Aliinuka akasema si kweli. Kimenyi hawezi kuitwa sifuri, ana binti mwenye kazi Gisenyi, binti mwenye adabu, anatuma vitu kila wiki kwa mikono yangu hii. Na Alhamisi tu alikuwa hapa, nilimwona kwa macho yangu, wamesimama na baba yake kwenye zizi. Mnataka kumvunjia mzee heshima kwa ajili ya nini? Watu wakaguna kukubali. Ni kweli, wakasema, binti alionekana. Rutayisire, kwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo, akachukua kalamu.

Mwema yule mama, na wema wake ulikuwa unamfuta Kimenyi. Angerudi nyumbani na heshima yake yote, akae nayo peke yake mwaka mzima. Baba hakusema kitu. Angenyamaza hivyo hivyo mpaka mwisho, na Igihozo alijua anamnyamazia nani.

“Usifute,” akasema.

Hakusikika. Akasema tena, na kina mama wenye watoto wakageuka, kisha wote wakageuka, na njia ikafunguka mbele yake bila yeye kuiomba. Akapita mpaka mbele, karibu na meza.

“Binti ni mimi,” akasema kwa Kinyarwanda. “Alhamisi nilikuja kwa sababu ya hii orodha. Wiki zilizohesabiwa zilikuwa zimekwisha. Kabla ya Alhamisi sikuja miezi kumi na minne. Tangu tumzike Mama. Hakuna aliyenizuia. Kilichosomwa ni kweli.”

Jirani alibaki amesimama, mkono mdomoni. Igihozo alitaka kuongeza kitu, kujitetea au kuomba radhi, akakuta hana la kuongeza, na hapo ndipo aibu ilipompata. Ilikuwa aibu ya kusimama mbele ya watu waliomjua tangu amevaa sare ya shule, na ilimuuma. Ilimuuma sana. Kwa miezi kumi na minne hakuna kitu kilichokuwa kimemuuma, na alisimama pale akiogopa isije ikaondoka.

Rutayisire akaweka kalamu chini. “Kimenyi anabaki,” akasema, na akaendelea na jina lililofuata.

Igihozo hakujua aende wapi. Nyuma kulikuwa mbali. Kwenye benchi la pili baba yake, bado akitazama viatu, alisogea kidogo upande wa kushoto, na mzee wa pembeni yake akalazimika kusogea pia, na yule wa pembeni ya huyo. Pakapatikana nafasi ndogo mwishoni mwa ubao. Igihozo akaenda akakaa.

“Uko natetemeka,” baba akasema kwa Kiswahili, polepole.

“Ndiyo, Papa.”

“Bon,” akasema baba. “Kaa.”